Jumapili Tuliyotazama Kilio cha Babu

Kwetu filamu haiishi pale majina ya wachezaji yanapoanza kupanda kwenye kioo. Inaisha pale mtu wa mwisho sebuleni anapotoa maoni yake, na mtu huyo siku zote alikuwa babu. Ndiye aliyeweka sheria. Kila Jumapili baada ya misa alitutuma kwa kijana wa kibanda karibu na soko, yule anayejaza filamu kwenye flash, na tulipomaliza kutazama alizima televisheni, akanyoosha kidole kwa aliye mdogo kuliko wote.

"Weye, toa avis. Film imedanganya wapi?"

Kusema "ilikuwa nzuri" kulikatazwa kabisa. Alisema hata mbwa akitupiwa mfupa anaonyesha maoni zaidi ya hayo.

Mimi sheria hiyo ilinifaa kama viatu vipya. Nilimwambia kwamba yule jamaa wa karate amepigwa risasi mpaka shati limekuwa kichungio, lakini suruali bado ina mstari wa pasi. Nilimwambia kwamba kwenye zile filamu za kutafsiriwa, mama mkwe, polisi na mtoto mchanga wana sauti moja, kwa sababu mfasiri ni mmoja, na siku hiyo alikuwa na mafua. Babu alicheka huku akikohoa, hata usijue lipi ni lipi. Maisha yake yote alifanya kazi kwenye reli, njia ya Sakania, akazoea kusema kwa sauti ya kushinda injini. Alipostaafu, injini zilibaki kazini, kelele akaja nazo nyumbani.

Babu na bibi, kwetu wote tunawaita nkambo. Ili tusipotezane njiani, mzee nitamwita babu, na nkambo atakuwa bibi peke yake. Ninalala nyumbani kwao tangu nilipoanza shule, kwa sababu shule iko karibu, na kwa sababu wazazi wangu, wanaokaa upande wa Kasapa, wanasema mdomo wangu unachosha watu wanaotoka kazini. Nkambo hakuchoka. Alikuwa akiniita bwana yangu, kama mabibi wengi wanavyowaita wajukuu wao, na nilipomtania alinirushia kitambaa cha vyombo na kunijibu vibaya zaidi kuliko nilivyosema. Nyumba ambayo mtu anakula vizuri na kuruhusiwa kucheka kwa wakati mmoja haipatikani ovyo. Niliijua hiyo moja tu.

Babu alikufa mvua zilipoanza. Pale kwenye kilio, wajukuu tulifanya kazi ya wajukuu. Watu wazima wanalia, wajukuu wanamcheka aliyekufa. Tuna ruhusa. Tunavaa nguo zake, tunatembea kama yeye, tunalala mbele ya mlango jeneza lisipite mpaka watu wazima watubembeleze. Mimi nilivaa koti la babu, kofia yake na miwani yake iliyofungwa kwa uzi, nikaburuza mguu, nikakohoa kile kikohozi chake cha ngazi tatu. Uwanja mzima uliamka. Kisha nikasimama katikati ya viti, nikapanua kifua, nikaita vile alivyozoea kumwita nkambo kila jioni akiwa mezani:

"Mama ya batoto! Chumvi iko wapi?"

Watu walianguka. Shangazi yangu, dada ya baba, alijaza kitambaa mdomoni. Hata katekista aligeukia ukuta, mabega yakimtetemeka. Na kijana mwenye kamera, ambaye baba mkubwa alimkodi achukue kilio chote, alinifuata nyumanyuma kama kifaranga.

Nkambo hakuwepo uwanjani. Alikuwa ndani na wanawake, chini kwenye godoro, kama mjane anavyokaa. Walikuwa wakiimba. Niliona hiyo ni bahati.

Baada ya mazishi, watu walipotawanyika, nkambo alibadilika. Hakuniita tena bwana yangu. Nilipoanza kumsimulia upuuzi wa shuleni alinikata katikati: "Nyamaza kwanza." Wakati mwingine alikuwa anafagia, akasimama ufagio ukiwa juu, uso umegeukia dirishani, na mimi nikifungua tu mdomo: "Nyamaza kwanza." Hakuwa na hasira usoni. Hilo ndilo lililonitia hofu zaidi. Nkambo mwenye hasira namjua, ana kitambaa cha vyombo mkononi.

Nikapiga hesabu yangu. Mtu alikuwa amemwambia, na mtu huyo lazima ni shangazi, maana mdomo wa shangazi haujawahi kukatika umeme. Amemwambia kwamba siku ya kumzika mumewe, mbele ya mtaa mzima, mbele ya watu wa parokia na wazee wa reli, mimi nilitangaza kwamba chakula chake hakina chumvi. Wajukuu wana ruhusa ya kumcheka aliyekufa. Hakuna aliyewahi kunieleza kama ruhusa hiyo inamfikia na mjane.

Halafu baba mkubwa, kaka ya baba, ambaye anafanya biashara zake Mokambo, akapiga simu: montage, ile kazi ya kukata na kuunga picha, imeisha, anakuja na flash Jumapili, tutazame wote pamoja na nkambo.

Wiki hiyo sikusikia neno hata moja la mwalimu yeyote. Niliwaza kuficha rimoti. Niliwaza kumpa mbwa wa jirani waya wa televisheni autafune, lakini mbwa yule ni mzee, angenyonya tu. Mwishowe niliomba, mimi ambaye kwenye misa kazi yangu ni kuwachekesha watu wa benchi la nyuma. Niliomba umeme ukatike Jumapili yote.

Jumapili umeme ulikuwepo, tena mkali.

Tulikaa sebuleni: nkambo kwenye kiti chake, baba mkubwa na rimoti, shangazi na rozari, binti yake wa miaka minane chini kwenye mkeka, na mimi karibu na mlango, kama mtu aliyeagizwa kitu dukani na atatoka muda wowote. Kiti cha babu hakuna aliyekikalia. Baba mkubwa alibonyeza.

Muziki wa kinanda ukaanza. Maua mekundu yakanyesha. Njiwa akapita, akarudi, akapita tena, ni wazi kijana wa montage alikuwa na njiwa mmoja tu. Jina la babu likatokea kwa herufi za dhahabu, na chini yake: PUMZIKA KWA AMANI. Halafu maua yakafunguka katikati, picha ya marehemu ikajitokeza polepole.

Ilikuwa mimi.

Mimi na kofia, mimi na miwani ya uzi, mdomo wazi, njiwa akinipita juu ya kichwa.

"Yezu wangu!" shangazi alipiga kelele. "Mutoto bamuandika amekufa! Zima! Zima hii kintu!"

"Ngoja," baba mkubwa alisema, lakini mkono wake ulikuwa umeshasimamisha picha, na sasa nilibaki pale, mfu wa saizi ya televisheni nzima. Alimpigia kijana wa montage, akaweka sauti ya nje.

"Weye! Uliweka picha ya nani pa mwanzo?"

"Si ya muzee, papa?" kijana alijibu. "Miye sikufika ku kilio, ni ndugu yangu alichukuaka. Niliona muzee anatembeatembea, bantu banacheka, nikawaza ni film ya zamani, wakati alikuwa angali muzima. Iko mubaya?"

"Ule ni mutoto wa shule!"

"Mais papa," kijana alisema, "anafanana."

Baba mkubwa alikata simu. Shangazi alianza kunichora misalaba hewani, akisema lazima tuite watu wa sala, jambo kama hili haliachwi kulala. Ningecheka. Siku nyingine ningelala chini na kuomba wanikunjie mikono. Lakini nilikuwa namtazama nkambo, na nkambo alikuwa anaitazama picha, mwili ameuinamisha mbele, macho madogo.

"Endelesha," alisema.

Filamu ikaendelea. Mahema, viti vya plastiki, kwaya, jeneza. Watu waliolia wakiitafuta kamera kwanza. Jirani yetu alifika mara tatu, kila mara na nguo nyingine. Kwenye Jumapili zetu za zamani hiyo peke yake ingetosha maoni ya mchana mzima. Sasa mimi nilikuwa nasoma kivuli cha mti kwenye uwanja wa ile filamu, maana nilijua jua lilikuwa wapi nilipovaa koti. Kivuli kilikuwa kinafika. Wajukuu wakaanza kukusanyika nyuma ya jeneza. Nilijiona natoka mlangoni, mgongo tu, nimevaa koti.

Umeme ukakatika.

Ndivyo ninavyojibiwa maombi yangu. Yanasikilizwa, lakini na mtu mwenye kazi nyingi.

"Tungojee," nkambo alisema.

Tulingoja. Joto lilipanda. Shangazi alihesabu rozari. Baba mkubwa, ili kuondoa uzito, alipiga makofi akasema kwa sauti iliyojaribu kuwa ya babu na haikufika: "Bon! Tutoe avis ya nusu ya kwanza. Tuanze na mudogo. Film imedanganya wapi?"

Yule binti mdogo hakusita. "Imedanganya pale yaya amekufa, na huku iko anakula karanga."

Yaya kwetu ni ndugu mkubwa, na kweli nilikuwa nakula karanga. Sikumbuki nani alinipa. Shangazi alimfinya binti yake, baba mkubwa alicheka kwa pua, na kidole kikanifikia mimi.

"Weye sasa. Mwenye mudomo."

Nilikuwa na mambo. Njiwa. Jirani wa nguo tatu. Katekista na mabega yake. Yote yalikuja mpaka kwenye meno yakageuka kurudi.

"Ilikuwa nzuri," nilisema.

Wote waligeuka. Neno hilo lilikuwa halijatamkwa mle ndani tangu nizaliwe. Nkambo naye aligeuka, na kwa mara ya kwanza tangu kilio alinitazama sawasawa, kutoka nywele mpaka vidole.

"Uko mugonjwa?"

"Hapana, nkambo."

"Basi unaogopa nini?"

Jokofu lilijibu kwa niaba yangu: liliguruma, taa ikawaka, na televisheni ikarudi na baba mkubwa akasogeza mpaka tulipofika.

Nilijiona tena natoka mlangoni. Mtu akijiona kwenye filamu huwa anajiona mjinga. Mimi sikujiona hata kidogo. Yule aliyeburuza mguu pale alikuwa babu, mfupi kidogo tu. Alikohoa ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alirekebisha miwani kwa kidole kidogo, jambo ambalo sikujua kwamba nililifanya. Akapanua kifua.

"Mama ya batoto! Chumvi iko wapi?"

Kicheko kilitoka kwenye televisheni kama maji ya bomba lililopasuka. Sebuleni hakuna aliyecheka. Shangazi alijiona mwenyewe kwenye kioo na kitambaa mdomoni, akainamisha uso.

"Rudisha," nkambo alisema.

Baba mkubwa alirudisha. Kikohozi, miwani, kifua. Mama ya batoto, chumvi iko wapi?

"Rudisha tena."

"Mama, basi," baba mkubwa alisema kwa upole. "Ni bajukuu. Ni desturi. Hata babu yetu tulimuchekaka."

"Nimesema rudisha."

Aliporudisha mara ile mimi nilishindwa. Nilijikuta nimepiga magoti kwenye mkeka, nikimsukuma mdogo wangu bila kutaka. "Nkambo, pardon. Chumvi yako iko sawa. Haijawahi kukosekana. Ni babu ndiye aliyependa kusumbua, bote banajua, nilitaka tu bantu bacheke, sikutaka baseme weye haujui kupika..."

"Nani anasemea chumvi?" nkambo alisema.



"Nilikuwa mu chumba na bamama," alisema, na hakuwa akisema na mimi, wala na baba mkubwa, alikuwa akiiambia televisheni. "Beko banaimba. Nikasikia ananiita. Nikaitika. Nilisema: niko! Kwa nguvu, vile namuitikaka kila siku. Mama wa pembeni yangu akaniangalia. Nikafunika mudomo."

Baba mkubwa alishusha rimoti.

"Tangu ile siku niko nasikiliza," nkambo alisema.

Nilielewa polepole, na kila nilipoelewa kidogo nilitamani nisiendelee. Ufagio juu. Uso dirishani. Nyamaza kwanza. Hakuwa ananinyamazisha mimi kwa kosa langu. Mimi nilikuwa kelele tu, kelele iliyopita mbele ya sauti aliyokuwa anaingojea. Na ile sauti nayo ilikuwa mimi. Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha kwa ajili ya chumvi, nilikuwa na sentensi nzima, niliipanga wiki yote. Kwa jambo hili sikuwa na hata neno la kwanza.

"Kumbe ilikuwa weye," nkambo alisema.

"Njo miye, nkambo."

"Nyanyuka, magoti yako haiko ya kanisa." Nikanyanyuka. Alinitazama usoni, akitafuta kitu. "Uliniita mara ngapi?"

"Mara moja."

"Waza muzuri."

"Moja, nkambo. Watu walicheka, na mimi nikacheka, nikashindwa kuendelea. Nikavua koti."

Alitikisa kichwa, bila ubishi, kama mtu anayesahihisha jina la mtaa. "Nilisikia mbili. Ya kwanza na bantu beko banacheka, ile nimeiona sasa pale. Ya pili banamaliza kucheka. Ilikuwa pole. Hakuulizia chumvi. Aliita tu."

Shangazi alijichora msalaba, safari hii juu yake mwenyewe. Baba mkubwa alikohoa, akashika simu. "Ni ule kijana wa montage. Amekata. Njo kazi yao, kukatakata. Nimupigie, film yote iko nayo, tutasikia."

"Usimupigie."

"Mama, ni dakika moja tu..."

"Nimesema usimupigie."

Akaiweka simu juu ya meza, kioo chini. Halafu alinitazama mimi juu ya kichwa cha mama yake, akapanua macho, akaonyesha vidole viwili kando ya goti, pale nkambo asipoona. Shangazi naye alikuwa akiniashiria kwa kichwa: sema. Sema ulimwita mara mbili. Mtoto, umesema uongo mara ngapi katika maisha yako bila kuombwa? Tunakuomba huu mmoja.

Na ulikuwa rahisi. Ningesema: aa, kweli, nimekumbuka, niliita tena nilipokuwa navua koti. Nkambo angesema sawa. Angemaliza kufagia bila kusimama. Mimi naongopa kwa walimu kila siku ya Mungu na wananishukuru kwa kuwachangamsha. Nilifungua mdomo, na nkambo alikuwa ananingojea bila kupepesa, mikono imelala mapajani. Sikuona mtu anayeomba apunguziwe kitu. Niliona mtu ameshika kitu mkononi, na mimi ndiye niliyetumwa kumnyang'anya.

"Mara moja," nilisema. "Ile tu ya chumvi."

Baba mkubwa alifumba macho. Nkambo aliitikia kwa kichwa taratibu, mara kadhaa.

"Miye pia nilijua," alisema.

Sikujua kama nimefanya vizuri. Mpaka leo sijui, na kila ninapomkuta amesimama dirishani nawaza kwamba ningeweza kuimaliza ile habari kwa neno moja na sikutaka. Siku ile hakuna aliyenisaidia kujua. Nkambo alishika mikono ya kiti, akanyanyuka, akamwambia baba mkubwa arudi kwa yule kijana na kumwambia atoe uso wangu pale kwenye maua. "Uyu iko muzima. Atafute picha ya muzee ya ku karte ya kura. Alikasirika pale, mais ni yeye." Kisha akaelekea jikoni kuwasha mbabula, jiko letu la makaa, maana jua lilikuwa linateremka na hakuna aliyekuwa amekula kitu cha maana, ukiacha zile karanga.

Tulibaki wanne na televisheni iliyosimama. Tulisikia akivuta gunia. Tulisikia makaa yakivunjwa, kwa nafasi, na kati ya pigo na pigo kimya ambacho hakikuwa kirefu sana lakini kilitosha. Baba mkubwa hakuzima kioo. Shangazi alikuwa ameisimamisha rozari, na hilo lilinitisha kuliko maua na njiwa. Nilipowatazama niliona wamekaa wote kwa namna moja, hata yule mdogo kwenye mkeka: vichwa vimelala kidogo upande, kuelekea dirishani. Changu pia.

Ndipo nkambo akaita. Aliniita mimi, kwa jina langu, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayetaka kiberiti, na wote mle sebuleni, na baba mkubwa akiwemo, tuliruka tukaitika kwa pamoja.